Panya Akila Mahindi na Asife, Bado Hujajua Kama Ni Salama

Mahindi yakitolewa ghalani na kukutwa yana alama za meno, wako wakazi wanaojifariji wakisema: "Panya amekula na hakufa, basi hayana sumu." Wengine wakiona mahindi yameota kuvu, huyatenga yasiliwe na watu, kisha huwamwagia kuku, mbwa au ng'ombe wakiamini kwamba tumbo la mnyama halibagui chakula. Fikra hizi mbili zina hatari, hasa hapa Machakos, ambako mahindi mabovu yamewahi kuua watu zaidi ya mara moja.

Makala haya yanaeleza ni chakula gani kinachomdhuru panya, ni kipi kisichomdhuru, na kwa nini mdomo wa panya hauwezi kutumika kupima chakula cha familia. Pia yanaeleza hatua ambazo kila nyumba inaweza kuchukua ili kulinda nafaka, watoto na mifugo.

Yaliyotokea hapa kwetu

Mwaka wa 1981, watu 20 kutoka wilaya ya Machakos ya wakati huo walilazwa hospitalini wakiwa na ugonjwa mkali wa ini. Kati yao 12 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga.

Mwaka wa 2004 janga hilo lilirudi kwa ukubwa zaidi. Katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Wataalamu walipopima bidhaa 350 za mahindi kutoka masoko ya eneo hilo, zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja. Yako mahindi yaliyopatikana na kiwango cha 4,400, ambacho ni mara 220 ya kile kilichoruhusiwa. Mahindi mengi yaliyoleta maafa hayo yalitoka katika mashamba ya eneo lenyewe, na kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kulionekana kuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari.

Siku hizi kiwango cha juu kinachokubaliwa nchini na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Ili mkazi apate picha yake, hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu, ambayo haijazi hata robo ya kijiko cha chai, ikisambazwa katika magunia 1,100 hivi ya kilo 90. Hakuna jicho, ulimi wala pua inayoweza kutambua kiasi hicho. Pua ya panya haiwezi pia.

Kwa nini panya hafi mbele yako

Ziko sababu nne za kutomtegemea panya.

Ya kwanza ni kwamba panya hawafanani. Yule mkubwa wa darini na yule mdogo wa jikoni ni viumbe tofauti. Panya mdogo aliyekomaa ana kimeng'enya katika ini lake kinachovunja nguvu ya aflatoksini upesi, kwa hiyo anaweza kuishi kwenye gunia lenye sumu bila kuonyesha dalili. Ini la binadamu halina uwezo huo kwa kiwango hicho.

Ya pili ni muda. Panya mkubwa hudhurika sana na aflatoksini, na katika maabara kiasi kidogo tu, akilishwa kwa muda mrefu, humletea saratani ya ini. Lakini saratani huchukua muda kujitokeza, na panya wa nyumbani huishi mwaka mmoja au pungufu kabla ya kunaswa na mtego au paka. Sumu ile ile huweza kumletea saratani binadamu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani, kupitia kituo chake cha utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa watu.

Ya tatu ni namna sumu inavyokaa kwenye nafaka. Kuvu haisambai sawasawa katika gunia. Kona moja inaweza kuwa safi na nyingine, pale gunia lilipogusa sakafu yenye unyevu, ikawa na sumu ya kuua. Panya aliyekula upande wa juu hakuonja upande wa chini. Ndiyo maana hata wataalamu wa kupima huchota nafaka kutoka sehemu nyingi za gunia, huzichanganya na kuzisaga kabla ya kupima.

Ya nne ni tabia ya panya mwenyewe. Panya hawezi kutapika. Akimeza kitu kibaya hana njia ya kukitoa, kwa hiyo hukikaribia chakula kigeni kwa tahadhari: huonja kidogo, huondoka, husubiri, na akijisikia vibaya hakigusi tena. Kwa hiyo alama chache za meno kwenye gunzi si ushahidi kwamba panya alishiba. Pengine alionja akaacha.

Vyakula vya binadamu na matumbo mbalimbali

Kwa jumla panya hula karibu kila tunachokula: mahindi, mtama, maharagwe yaliyopikwa, viazi vitamu, matunda, omena, nyama na mafuta. Kwenye punje ya mahindi hupenda zaidi kiini, kwa kuwa ndicho chenye mafuta. Hata hivyo, kufanana huko kwa chakula hakumaanishi kufanana kwa miili. Mifano michache itatosha.

Machungwa hayana ubaya kwetu. Lakini mafuta yaliyo katika ganda la chungwa yana kemikali inayoitwa limonini, ambayo katika majaribio iliharibu figo za panya wakubwa wa kiume na kuwaletea uvimbe wa saratani. Panya wa kike hawakupatwa, wala panya wadogo. Sababu ni protini fulani ambayo panya huyo wa kiume anayo kwa wingi na binadamu hana. Hapa panya anadhurika, mtu hadhuriki.

Vitamini C ni mfano mwingine. Panya hujitengenezea vitamini hiyo mwilini mwake. Anaweza kuishi kwa nafaka kavu bila tunda wala mboga na asipate kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu. Mtoto anayelishwa hivyo ataugua.

Vitunguu, ambavyo sisi huvikaangia kila siku, huharibu damu ya mbwa na paka. Parachichi tunalokula bila shida lina kemikali katika majani, ganda na kokwa inayoweza kuwadhuru ndege na mbuzi. Kwa hiyo maganda ya parachichi yasitupwe kwenye banda la kuku.

Viko pia vyakula vinavyotudhuru sote. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayomtapisha na kumharisha mtu, na katika majaribio panya waliolishwa maharagwe mabichi walikonda na kufa. Dawa yake ni kuyaloweka, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Viazi vilivyogeuka kijani na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri ni hatari vilevile kwa mtu na kwa mnyama.

Funzo ni moja: kila mnyama ana ini, figo na damu yake. Chakula kisichomuua mmoja kinaweza kumuua mwingine.

Kuku, mbwa na ng'ombe si jaa la mahindi mabovu

Aflatoksini yenyewe iligunduliwa kupitia mifugo. Mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Vifaranga wa bata na wa bata mzinga, pamoja na mbwa, ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hii. Kuku hukonda, hupunguza mayai na hushindwa kupambana na magonjwa, na mfugaji hudhani ni kideri.

Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu ya sumu hiyo hugeuzwa na kutoka kwenye maziwa. Kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Mahindi uliyoyakataa mezani hurudi mezani ndani ya kikombe cha chai, na mara nyingi anayekunywa maziwa mengi zaidi ni mtoto.

Jambo hili linahusu muthokoi pia. Kukoboa mahindi ni desturi nzuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na ukoboaji huweza kuipunguza karibu kwa nusu. Lakini kupunguza si kuondoa, na mahindi yenye kuvu hayawi salama kwa kukobolewa. Zaidi ya hayo, makapi yanayobaki ndiyo yaliyobeba sumu. Makapi ya mahindi yenye shaka yasipewe mifugo.

Wala moto wa jikoni hautoshi. Aflatoksini hustahimili joto kubwa kuliko la maji yanayochemka, kwa hiyo ugali, uji na isyo haviwi salama kwa kupikwa muda mrefu. Kutengenezea pombe mahindi mabovu hakuondoi sumu pia. Mahindi yenye kuvu yachimbiwe shimo refu na kufukiwa mbali na kisima, mahali ambapo watoto, kuku na mbwa hawataweza kuyafukua. Yasiuzwe, na yasitupwe jaani ambako mtu mwenye njaa anaweza kuyaokota.

Panya na kuvu husaidiana

Panya si shahidi wa usalama, bali ni mmoja wa wanaoleta hatari. Anapotafuna punje huvunja ganda linaloizuia kuvu kuingia. Mkojo wake huongeza unyevu. Anapotoboa mfuko usiopitisha hewa, hewa huingia na wadudu pamoja na kuvu huanza kazi. Ghala lenye panya wengi lina nafasi kubwa zaidi ya kupata kuvu.

Panya huleta pia magonjwa kupitia mkojo na kinyesi, yakiwemo maambukizi ya salmonela na leptospirosi. Chakula kilichopikwa, unga ulioachwa wazi, au tunda lililotafunwa na panya vitupwe. Kukata sehemu iliyotafunwa hakutoshi. Nafaka kavu yenye kinyesi kidogo ichambuliwe vizuri, punje zilizotafunwa ziondolewe, na iliyobaki isafishwe na kupikwa kikamilifu. Ikiwa imechafuka sana au inanuka mkojo, isiliwe. Unaposafisha ghala, usifagie kinyesi kikavu, kwani vumbi lake huingia puani. Kinyunyizie kwanza maji yenye dawa ya klorini, subiri kidogo, kisha ukiondoe ukiwa umevaa glavu.

Tahadhari: usifanye chakula kuwa mtego wa sumu

Baadhi ya wakazi huchanganya unga na saruji, magadi au dawa za kuua wadudu shambani ili kuwaua panya. Saruji na magadi si njia za kutegemewa: panya ana chakula kingine, huonja kidogo na kuacha. Dawa za shambani zikichanganywa na ugali au nyama ni hatari kubwa, kwa kuwa mtoto, mbwa au kuku hawezi kuutofautisha ugali huo na ugali wa jioni. Paka na bundi, ambao hutusaidia kupunguza panya, nao hufa wakila panya aliyekula sumu.

Anayelazimika kutumia sumu ya panya anunue iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, ikiwa katika pakiti yake yenye maelezo. Sumu zinazouzwa kwa vipimo barabarani, zikiwa kwenye karatasi isiyo na jina, zisinunuliwe. Sumu iwekwe ndani ya kisanduku ambacho mkono wa mtoto hauwezi kuingia, kamwe isiwekwe ghalani juu ya nafaka, na mizoga ya panya ifukiwe. Nyingi za sumu hizi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Mtoto aliyezila naye anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Usisubiri dalili. Mpeleke hospitalini mara moja, ubebe pakiti, na usimlazimishe kutapika.

Mtego wa kawaida uliotegwa kando ya ukuta, ukiwa na karanga iliyosagwa au omena, ni salama zaidi na unakuonyesha matokeo. Tega mitego kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa panya mmoja anayeonekana mara nyingi si peke yake.

Hatua za kulinda mahindi yako

1. Anzia shambani. Aflasafe KE01, bidhaa ya kibiolojia inayotengenezwa katika kituo cha KALRO Katumani hapa Machakos, hutumia kuvu isiyo na sumu kuifukuza ile yenye sumu. Hunyunyizwa wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari.

2. Vuna mara mahindi yakikauka, na usiyaweke juu ya udongo. Yaanike kwenye turubai, jukwaa au mkeka, na uyafunike mvua ikitisha.

3. Pima ukavu kabla ya kuhifadhi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka.

4. Chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotafunwa, zilizokunjamana na zilizobadilika rangi. Hizo ndizo hubeba sumu nyingi.

5. Inua ghala. Liwe juu ya nguzo, kama mita moja kutoka ardhini, kila nguzo ikiwa na kizuizi cha bati chenye umbo la faneli. Panya mdogo hupita kwenye tundu linalopitisha kalamu, kwa hiyo ziba kila ufa kwa bati au saruji.

6. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi yaliyokauka tu. Mahindi mabichi yataozea humo. Ikague mara kwa mara kama imetobolewa.

7. Ondoa kinachowaita panya: makombo, vyombo vichafu vya usiku, vichaka karibu na nyumba na chakula cha kuku kilichoachwa nje.

Ukiwa na shaka, uliza

Mtu akipata macho ya manjano, mkojo mweusi, maumivu ya tumbo, kutapika, au uvimbe wa miguu na tumbo, afike kituo cha afya bila kuchelewa, na aeleze mahindi aliyokula yalitoka wapi. Wengine walioshiriki chakula hicho waache kukila na wachunguzwe pia, hata kama hawajisikii vibaya. Hifadhi kidogo cha mahindi hayo ndani ya mfuko wa karatasi kwa ajili ya uchunguzi, mbali na jiko. Kuku au mbwa kadhaa wakifa ghafla baada ya kula nafaka ya nyumbani, msiendelee kuila nafaka hiyo. Mjulisheni afisa wa mifugo na afisa wa afya ya umma.

Afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kukuelekeza mahali pa kupima unyevu na aflatoksini, na namna ya kujenga kizuizi cha panya. Muulize kabla ya kusaga mahindi yenye shaka. Gunia moja lililofukiwa ni hasara inayouma, hasa mvua zikiwa haba, lakini ni hasara ambayo msimu mwingine unaweza kuifidia. Ini la mtoto halina msimu mwingine.